Fuwele ya Mwajuma, Mbuzi wa Magindu na Kipara Changu

Jumapili, Kisarawe. Mawingu yametanda tangu asubuhi na mvua bado inajishauri. Mke wangu ameanua nguo, akazianika tena, sasa anazitazama kama watoto waliotumwa dukani wakachelewa. Mimi nimekaa barazani na kompyuta mapajani. Mbele yangu kuna mbuzi jike amefungwa kwenye nguzo, anatafuna kisamvu ambacho hakikuwa chake.

Mbuzi huyu ni ushahidi.

Nimeiandika sentensi hiyo, nikaisoma, nikaona kwamba mtu mwenye akili timamu angeifuta. Lakini ni kweli. Na kwa kuwa kesho asubuhi natakiwa kuandika jambo zito juu ya msichana wa watu, bora leo nimwage kila kitu hapa, pamoja na yale yanayonifedhehesha.

Kwa aliyeingia kwenye blogu hii kwa kupotea njia: mimi ni mwalimu wa kemia katika chuo kimoja cha Kibaha. Siku za kazi nakaa chumba cha kupanga Kongowe. Kongowe ya Kibaha, si ile ya Dar. Shemeji yangu alishanitafuta kule siku nzima na mpaka leo anaamini nilimkimbia. Mwisho wa wiki narudi huku nyumbani kwa mke wangu, Mama Shani.

Muhula huu nimekuwa pia mwanafunzi. Jioni, nikishavua koti la maabara, navuka korido na kuingia darasa la michoro ya kompyuta, kwa sababu vyombo vya maabara ninavyochora ubaoni vimekuwa kichekesho. Bika langu linafanana na sufuria. Kuna mwanafunzi aliniuliza kwa heshima zote kama na mfuniko upo.

Basi nakaa na vijana wanaoweza kunizaa kwa upande wa teknolojia. Pembeni yangu hukaa Joyce, binti mwepesi wa mikono na wa maneno, ambaye kazi yake ya ziada ni kuniokoa. "Ticha, usiikabe hivyo mausi, haikimbii." Kazi yetu ya kwanza ilikuwa kuondoa dosari kwenye picha ya sura yako mwenyewe. Nilidhani dosari yangu ni hili kovu la shavuni. Joyce aliitazama picha, akainamisha kichwa, akasema, "Ticha, tuanze na juu."

Juu ni kipara.

Tulipomaliza nilikuwa na nywele ambazo hata ujanani sikuwa nazo. Nikaiweka picha ile kwenye simu, ionekane na kila anayenitumia ujumbe. Nalisema hili mapema kwa sababu litarudi.

Sasa Mwajuma.

Mwajuma ni mwanafunzi wangu wa kemia, mtulivu, anatokea Magindu, analelewa na babu yake. Kabla ya likizo fupi niliwapa darasa zoezi la kukuza fuwele ya mrututu nyumbani. Mrututu mnaujua, ile dawa ya bluu wanayouza madukani kwa wakulima na wafugaji. Unauyeyusha kwenye maji ya moto mpaka maji yakatae kuupokea, unaning'iniza kipande kidogo kwa uzi ndani ya chupa, halafu unakaa mbali na kuacha mikono yako mfukoni. Fuwele inakua yenyewe polepole, imeinama upande mmoja kama mtu anayesikiliza mazungumzo ya jirani. Nilitaka waniletee fuwele yenyewe na picha yake.

Wengi walileta vitu vinavyofanana na sukari iliyolowa. Mwajuma alileta picha tu. Lakini picha gani! Fuwele kubwa kama ndimu, bluu ya kuumiza macho, kingo zimenyooka, nyuma yake weupe mtupu. Fuwele yenyewe hakuwa nayo.

"Iko wapi?" nikamuuliza.

"Mwalimu, babu ameitumia."

"Ameitumiaje?"

"Kuwaoshea mbuzi kwato."

Darasa likalipuka. Mimi nimeshaambiwa mengi katika kazi hii. Nimeambiwa kazi imeliwa na panya, imelowa mvua, imeibiwa na mtu asiyejulikana aliyeacha simu na kuchukua daftari la kemia. Lakini fuwele kuishia miguuni mwa mbuzi, hilo lilikuwa jipya. Mwajuma hakucheka. Alitazama meza, na mimi nikasoma hatia pale pale usoni mwake. Macho yangu yakishaamua kusoma kitu, hayahitaji herufi.

Wiki hiyo hiyo mwalimu wetu wa michoro alitufundisha kutambua picha iliyochezewa. Angalieni kivuli, alisema. Kitu kikikaa mezani, lazima kiwe na kivuli, na vivuli vyote vielekee upande mmoja. Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kuifungua picha ya Mwajuma. Nikaikuza mpaka ikawa vigae vya rangi.

Haikuwa na kivuli.

Fuwele ilielea kwenye weupe kama haijawahi kukaa juu ya kitu chochote duniani. Na kingo zake zilikuwa na ule mkato ambao mimi mwenyewe nilikuwa nimeujifunza kwenye nywele zangu za bandia.

Nikakumbuka kwamba Mwajuma analala chumba kimoja na Joyce.

Tangu hapo sikuwa na amani. Joyce akicheka darasani, najiuliza anacheka nini. Akinisaidia, najiuliza kwa nini ananisaidia. Siku moja nilimuuliza kijuujuu, kama mtu anayeulizia hali ya hewa, kama kompyuta inaweza kuchora mrututu. Akanitazama kwa muda mfupi kuliko kawaida yake. "Kompyuta inachora chochote, ticha. Hata nywele." Kisha akageukia kazi yake, na hakunitania tena jioni ile. Kwa Joyce, huko ni kukiri mahakamani.

Tatizo ni adhabu. Kesho alama zinaingia. Nikiandika kwamba picha imeghushiwa, jina la Mwajuma linakwenda kamati ya nidhamu, na kamati yetu haijui adhabu ndogo, atarudishwa nyumbani. Nafasi yake ya mafunzo kwa vitendo katika maabara ya maji, ambayo inasubiri alama hizi tu, atapewa mwingine. Nikinyamaza, na kumbe amenidanganya, nitakuwa nimempeleka kupima maji ya watu mtu anayechora majibu.

Wapo watakaosema ningemwita tu nimuulize vizuri. Wana akili kuliko mimi. Mimi niliamua kupeleleza.

Jana, Jumamosi, badala ya kuja nyumbani nilikwenda Magindu. Nilimwambia Mama Shani kwenye simu kwamba nina shughuli ya chuo. "Na Joyce?" akauliza.

Hapo lazima nirudi nyuma hatua moja. Mwisho wa wiki uliopita simu yangu ililia nikiwa naoga, na Mama Shani akausoma ujumbe: *Ticha, ile picha yako nyingine tayari, umetoka bomba balaa.* Nilipotoka bafuni nilimkuta amekaa kitandani, ameishika simu kwa vidole viwili kama samaki wa jana.

"Baba Shani, Joyce ni nani?"

"Mwanafunzi mwenzangu."

"Mwenzako," alilirudia neno hilo taratibu, kama anayeonja chumvi. Kisha akaigusa picha yangu yenye nywele. "Na huyu?"

"Mimi."

"Huyu simjui."

Kwa hiyo jana, wakati mimi nampeleleza Mwajuma, kulikuwa na mtu mwingine Kisarawe anayenipeleleza mimi. Ni haki. Ila yeye hufanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Magindu nilifika jua likiwa limeshachangamka. Sikutaka Mzee Kondo, babu yake Mwajuma, ajue mimi ni nani, kwa sababu mzee akijua ni mwalimu atamtetea mjukuu wake, ndiyo kazi ya babu. Nikajifanya mnunuzi wa mbuzi. Nilivaa kofia. Nilijiona nimejificha kabisa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umepotea au umefika?"

"Nimefika. Nasikia una mbuzi wazuri."

"Uzuri wa mbuzi aulizwe mchinjaji," akasema, akacheka peke yake, akanipeleka zizini.

Mzee Kondo ni mwembamba, mrefu, msemaji. Alinionyesha mbuzi mmoja mmoja kwa majina na tabia zao, huyu mwizi, huyu mvivu, huyu anajua siku ya mnada na hujificha. Mimi macho yangu yalikuwa chini. Na kweli, miongoni mwao alikuwepo jike mwenye baka jeupe usoni na miguu myeupe, na miguu ile, kuanzia kwatoni kupanda juu kidogo, ilikuwa imeiva rangi ya bluu inayokimbilia kijani.

Nikachuchumaa.

"Huyu kafanya nini miguuni?"

"Alikuwa anachechemea huyo, kwato zinaoza. Sasa mtazame." Akampiga kofi la mgongoni, mbuzi akaruka kwa hasira. "Mrututu. Mjukuu wangu alikuja likizo, akaacha ndani chupa ina mrututu mmoja mkubwa, mzuri, umening'inia kwenye uzi kama kidani. Nikajiuliza, mbuzi wanateseka huku, huu unaning'inia hapa unafanya nini? Nikauponda, nikamwaga na maji yake kwenye karai, nikawasimamisha humo." Akatikisa kichwa. "Yule mtoto alilia! Nikamwambia, mama, nitakununulia mwingine dukani. Ndiyo kwanza akazidi kulia."

Nilitaka kumkumbatia. Nilitaka pia kumkaripia. Fuwele ya wiki nzima ya subira, kaipondaponda kwenye karai! Badala yake, kwa kuwa nilikuwa mnunuzi, na kwa kuwa furaha hunitoa akili, nikamnunua mbuzi yule.

Tulikubaliana haraka sana, jambo ambalo sasa linanitia shaka. Mzee alimfunga kamba, akanikabidhi, akanisindikiza mpaka njiani. Nilishamuaga na kugeuka alipoita nyuma yangu:

"Haya, karibu tena, mwalimu!"

Nikasimama. Mbuzi naye akasimama.

"Umejuaje, mzee?"

"Mnunuzi hufungua mdomo wa mbuzi akaangalia meno. Wewe tangu umekuja unaangalia kwato." Akanipungia mkono, akarudi zizini kwake akicheka.

Sitaeleza jinsi nilivyomfikisha mbuzi huyu Kisarawe. Itoshe kusema kuna dereva wa kirikuu, kile kigari cha mizigo, ambaye hatanisalimia tena. Lakini njia nzima, badala ya furaha, nilikuwa nalitafuna neno lile. Mwalimu. Je, mzee alinijua kwa sababu ya kwato tu, au Mwajuma alishapiga simu kunitangulia? Mtu akipigiwa simu kwamba mwalimu mwenye kofia anaweza kuja, atashindwa kumlowesha mbuzi mmoja kwenye mrututu wa dukani? Machozi ya mjukuu, uzi, kidani, si ni hadithi ya kumwelekeza mtu mzima? Na mbona hakunipandishia bei?

Ndivyo nilivyo. Nimepewa ushahidi wenye miguu minne, na bado nautilia shaka.

Na hata kama fuwele ilikuwepo, picha je? Kivuli kilikwenda wapi?

Mama Shani alitupokea jana jioni mlangoni. Alimtazama mbuzi, akanitazama mimi, akamtazama tena mbuzi.

"Hii ndiyo shughuli ya chuo?"

Nikamwambia yote. Fuwele, kivuli, kofia, kwato. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo la nadra. Nilipomaliza akasema, "Kwa hiyo umemtilia shaka mtoto kwa sababu picha yake ni nzuri kuliko ukweli."

"Ndiyo."

"Na picha yako?"

Nikaishusha kofia. Mbuzi akachukua nafasi hiyo kuanza kisamvu.

Leo mchana, baada ya chakula, Mama Shani aliniwekea simu mbele. "Mpigie huyo mwenzako. Weka sauti ya nje."

Joyce akapokea. "Ticha! Shikamoo. Jumapili pia unataka nywele?"

"Marahaba. Mke wangu yupo hapa, anakusikia."

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu," akasema Mama Shani kwa upole wa kutisha. "Hizo nywele za mume wangu ulizitoa wapi?"

"Za kaka yangu, mama. Nilizikata kwenye picha ya harusi yake."

Mama Shani aliweka mkono mdomoni. Mabega yake yalitikisika, na nikajua kwamba kwa upande wangu kesi imefungwa. Ikabaki ya Mwajuma.

"Joyce," nikasema, "picha ya fuwele uliitengeneza wewe?"

Safari hii hakuwa na utani. "Ticha, utamfukuzisha."

"Nijibu kwanza."

"Fuwele sijaigusa, haki ya Mungu. Nilitoa vya nyuma tu. Mwajuma ndiye aliniomba. Alisema hataki darasa zima waone kwao. Si unakumbuka walivyomcheka yule wa picha ya kuchuja maji?"

Nakumbuka. Katika zoezi lile kijana mmoja alileta picha ya kichujio chake, na nyuma yake zikaonekana nguo za ndani za familia nzima kwenye kamba. Darasa lilicheka, na mimi sikuwa wa mwisho.

"Ya mwanzo unayo?"

"Ninayo."

"Nitumie."

Ikaja. Tuliitazama pamoja mimi na Mama Shani, vichwa vimegusana. Fuwele ni ile ile, bluu ile ile, na kona moja imemeguka pale uzi ulipopita, kitu ambacho nilikiona tangu siku ya kwanza nikakipuuza kwa sababu hakikuafiki mashaka yangu. Imekaa juu ya kitako cha ndoo iliyopinduliwa. Nyuma kuna ukuta wa udongo uliobanduka mpaka fito zinaonekana, godoro lililokunjwa likitoa sufi, shati la mzee kwenye msumari. Na pembeni, kichwa kimeingizwa mlangoni, ulimi nje, anaitazama fuwele kwa tamaa, yupo mbuzi mwenye baka jeupe usoni.

Nikainua macho. Mbuzi wa kwenye nguzo naye alikuwa ananitazama.

Mimi ni mtu wa mashaka, nikaangalia vivuli. Cha fuwele kinaelekea kulia. Cha ndoo, kulia. Cha kichwa cha mbuzi, kulia. Nikaiangalia miguu yake pale mlangoni. Bado ilikuwa myeupe.

Basi. Mzee Kondo hakupanga lolote. Huwezi kumpanga mbuzi apigwe picha kabla ya kosa.

Nilikaa na picha ile muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kitu pekee ambacho Mwajuma alighushi ni kutokuwepo kwa nyumba yao. Fuwele hiyo ilikua katika chumba hicho, juu ya ardhi hiyo, moshi wa jikoni ukipita, mbuzi akichungulia, na bado ikatoka imenyooka kuliko zote za darasa langu. Ukiondoa nyuma yake inabaki nzuri. Ukirudisha nyuma yake ndipo unapoona jinsi ilivyo nzuri.

Nimeshaamua nitakachoandika kesho. Fuwele ni halisi, alama zake zote anapata. Picha ilisafishwa, nitampunguzia hapo, kwa sababu kemia inataka kuona kitu na mahali kilipokaa, na nitaandika hivyo hivyo bila kuficha. Kamati wakitaka kujua niliridhika vipi, nitawaambia ushahidi upo Kisarawe, unakula. Na Mwajuma ataanza fuwele nyingine kwenye dirisha la maabara, mbali na wafugaji.

Ila nitamwomba jambo moja. Nitamwomba aniruhusu niionyeshe darasani ile ya mwanzo, yenye ndoo na mbuzi. Akikataa, imekwisha, ni nyumba yake. Lakini nitamwombaje nikiwa na nywele za kaka wa watu kwenye simu yangu?

Kwa hiyo kabla ya kuanza kuandika hapa nimeibadilisha. Nimepiga mpya, hapa hapa barazani, kofia pembeni. Kipara kimerudi kinang'aa, kovu lipo mahali pake, nyuma yangu nguo za familia ziko kambani, na pembeni kabisa kuna pembe moja ya mbuzi. Nimempa Mama Shani simu aone.

Ameitazama sana. Matone ya kwanza yameanza kugonga bati, na kwa mara ya kwanza leo hakukimbilia nguo.

"Haya," amesema. "Huyu namjua."